Kiti cha Upande wa Mlima

Kuna familia zinazogombana kwa sababu ya mahari, na nyingine kwa sababu ya shamba. Sisi wa Ardez, kijiji cha milimani, Mungu atusamehe, nusura tuvunje uchumba wangu kwa sababu ya treni.

Kwetu maharusi wakitoka kanisani hawaendi moja kwa moja kula. Kwanza wageni wote wanapakiwa kwenye chombo, iwe basi la posta au treni, wanatembezwa milimani glasi mkononi, wanaimba na kumwagiana divai, ndipo wanashushwa penye chakula wakiwa wameshapendana. Aliyebuni desturi hii alijua kwamba ukizifungia koo mbili ndani ya behewa moja, ama zitasameheana, ama zitarushana dirishani.

Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa kumi, misonobari ya ng'ambo ya mto, ile ya kwetu inayopukutisha majani, ikiwa imegeuka dhahabu, kazi yetu ilikuwa moja tu. Wazazi wa pande mbili wakutane kwa mara ya kwanza, wale, wachague njia ya treni ya harusi. Mtoto mdogo angeimaliza kabla ya keki.

Mimi Nesa wakati huo nilikuwa nimeshapigwa na dunia makonde ya kutosha, mengine nilikuwa nayakwepa kabla hayajarushwa. Mchumba wangu wa kwanza, gauni likiwa limeshashonwa na wageni wameshaalikwa, alikwenda mjini Chur kununua viatu vya harusi. Mpaka leo hajarudi navyo. Nasikia vilimkaa vizuri, akamwoa navyo mwingine. Siku ya harusi ile isiyokuwa harusi, aliyesimama nami mlangoni mwa kanisa alikuwa baba yangu. Aliwapa mkono wageni mmoja mmoja, uso wake mkavu kama ubao, akiwaambia, "Nyama ipo. Msiondoke na njaa." Nikaapa palepale: nikija kuolewa tena, Baba asipokuwa nami kuanzia kanisani mpaka keki ya mwisho, siolewi.

Halafu akaja Livio.

Livio Tuena ni mwoka mikate wa Poschiavo, upande wa pili wa mlima Bernina, kule wanakosema Kiitaliano na kusali Kikatoliki. Ana mikono minene na kope ambazo hata Jumapili hazikosi unga. Mkate wa kwao ni mweusi, wa duara, una tundu katikati ili utundikwe kwenye mti. Siku aliyoniomba nimkubali, kwenye stesheni ya Pontresina, alinivisha mkate mmoja mkononi kama bangili.

"Ya dhahabu inakuja," alisema. "Hii ukisikia njaa, uile."

Nilikula nusu kabla treni haijafika Samedan. Nusu nyingine ninayo, ngumu kama jiwe la kunolea shoka, na mtu asiniambie niitupe.

Basi siku hiyo niliwaona dirishani wakipanda kutoka stesheni, yeye na mama yake, na mkononi kwake mikate sita imening'inia kwenye kamba. Aliinua macho. Mimi mtu mzima, mwenye makovu yangu, nilishika pazia kama msichana wa shule.

"Liachie hilo pazia, utaling'oa," Shangazi Barla alisema nyuma yangu. Ni dada mkubwa wa Baba, mjane, husikia anachotaka na kuziba masikio kwa kilichobaki. "Kumbe ndiye huyo? Anapanda mlima vizuri. Mwanamume mtazame akipanda mlima, akiwa amekaa wote wanafanana."

Mama Delfina, mama yake Livio, aliingia kama tanuri lililofunguliwa mlango, joto tupu. Alinibusu mara tatu, akambusu Shangazi mara tatu, akamwendea Baba.

"Huyu ndiye Baba Nesa? Mbona mrefu hivi! Livio, hukuniambia, ningevaa viatu vya kisigino!"

Baba alinyoosha mkono, ukabaki hewani kati yao.

"Mpe shavu, Duri," Shangazi alisema. "Hatakung'ata."

"Mkono unatosha," Baba alisema.

Nilimtazama Livio, naye akanitazama. Macho yake yaliniambia: tulia, unga haujaumuka bado.

Tulikaa sebuleni, chumba chetu cha mbao kinachonukia msonobari, ambamo Baba alizaliwa na mimi pia. Dirisha la upande wa korongo lilikuwa limefungwa mbao zake za nje, kama siku zote, ingawa jua lilikuwa la kumwagika. Tangu mama yangu afariki, Baba alilifunga lile dirisha na kuhamia chumba cha upande wa barabara. Alisema sauti ya mto inamkosesha usingizi, nasi tukaamini. Watu wa nyumba moja huwa hawaulizani mambo.

Baba alipakua mwenyewe: nyama ya paa aliyemwinda Septemba, kabichi nyekundu, na vidonge vya unga alivyovikaanga kwa siagi.

"Nyama laini hii!" Mama Delfina alisema. "Sisi huyu wangu mwaka huu katuletea mbuzi wa majabali. Mgumu! Nimemchemsha tangu misa ya asubuhi mpaka ya jioni, bado anabisha."

"Ulimpatia wapi?" Baba aliuliza, kwa mara ya kwanza akimtazama Livio kama binadamu. Kwetu mwanamume anaweza kukosa dini akasamehewa, lakini asiyekwenda kuwinda Septemba wanamtilia shaka.

"Juu ya Cavaglia, mzee. Kwenye ukingo. Wewe hukwenda majabalini mwaka huu?"

"Majabali ni ya vijana. Mimi magoti."

"Magoti!" Shangazi alicheka. "Magoti gani, Duri? Hayo hayo yanayocheza polka kila Mwaka Mpya mpaka wapiga kinanda wanaomba maji?"

Baba akamwongezea kabichi bila kuombwa. Hiyo ndiyo njia yake ya kumfunga mtu mdomo.

Nyama ilipokwisha, Livio alisogeza sahani, akatandaza ramani ya reli mezani. Nilikipenda kile kidole chake kinene kikitembea juu ya karatasi kwa upole, kama kinapita shavuni mwa mtu.

"Tunatoka kanisani hapa Ardez," alisema. "Tunapanda treni pale chini, tunafuata mto Inn mpaka Samedan. Hapo tunaingia njia ya Bernina. Mwezi wa tano theluji juu bado ipo, chini maua yameshatoka. Tunapita kando ya barafu kuu, tunapita ziwa jeupe. Tukifika Alp Grüm treni inajikunja kama paka anayetafuta mkia wake, wageni wanashuka wanapiga picha, mimi nambusu mke wangu..."

"Mbele ya watu?" Shangazi aliuliza.

"Mbele ya watu, Shangazi."

"Endelea, endelea."

"...halafu tunateremka, kona baada ya kona, mpaka Poschiavo. Na bibi yangu anatungoja dirishani."

Hapo Mama Delfina alijifuta jicho. Yule bibi, mama yake mzazi, alikuwa hatoki tena kitandani isipokuwa kwa kubebwa mpaka kwenye kiti cha dirishani. Mguu wake usingevuka mlima tena. Alikuwa amesema hafi kabla hajamwona Livio akioa, na watu wa kwao wanasema wakilisema neno wanalishika. Ndiyo maana chakula cha harusi kilikuwa kiliwe Poschiavo, uani kwao, chini ya dirisha lake.

"Njia nzuri kuliko zote duniani," Mama Delfina alisema. "Watu wanatoka Japani kuja kuipanda. Sisi tutaipanda kwa furaha yetu. Au vipi, Baba Nesa?"

Baba alikuwa anakunja kitambaa chake cha mezani. Akakikunja mpaka kikawa kidogo kama sabuni.

"Tutapita handakini," alisema.

"Handaki lipi?"

"Vereina. Tunashuka stesheni, tunaingia handakini, tunatokea Klosters. Kuna hoteli nzuri. Ukumbi wake uko chini kabisa, hata ngazi hakuna."

Handaki la Vereina ni reli iliyochimbwa ndani ya tumbo la mlima. Unaingia upande huu, unaona sura yako kwenye kioo kwa robo saa na zaidi, unatokea upande ule.

"Baba Nesa," Mama Delfina alisema taratibu, "humo handakini kuna nini cha kutazama?"

"Giza," Shangazi alijibu. "Giza zuri sana. La Kiprotestanti."

"Shangazi!" nikamwambia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Mama Delfina alikuwa amelidaka.

"Ah. Kumbe." Alikaa wima. "Kumbe ndiyo maana hata shavu sikupewa. Harusi na Wakatoliki ipite chini ya ardhi, kama panya, majirani wasione."

"Sijasema Katoliki," Baba alisema.

"Basi sema sababu."

"Sababu ni kwamba nimesema."

"Mzee, njia ya Albula je?" Livio aliuliza. "Tukitaka, tunaweza kuzungukia huko, kisha..."

"Ile ina madaraja." Baba alisita. "Madaraja mengi. Kelele."

"Kelele!" Mama Delfina aliangalia dari kama anayemwonyesha Mungu mtu.

Nilijaribu mimi. Nilimshika Baba mkono chini ya meza, kama nilivyokuwa nikifanya kanisani nilipokuwa mdogo. "Baba, kama treni ndiyo huipendi, njoo na gari lako. Utukute Poschiavo. Mimi nitakungoja, hatutaanza kula mpaka uje."

"Gari halipandi Bernina."

"Baba, gari hilo limebeba ng'ombe wawili mpaka..."

"Nimesema halipandi!"

Ngumi yake ilishuka mezani, glasi ya Shangazi ikalala, divai ikaifuata ramani na kuimeza Pontresina yote. Baba yangu hakuwahi kunifokea. Hata siku ile ya viatu vya Chur hakunyanyua sauti. Nilihisi kitu kinavunjika ndani yangu, na sauti yangu ilipotoka sikuitambua.

"Basi Baba asipokwenda Poschiavo, hakuna harusi. Livio anajua. Niliapa."

"Na mimi mama yangu asipoiona," Mama Delfina alisema huku akinyanyuka, "mwanangu haoi. Nasikitika, binti yangu. Wewe sina neno nawe. Livio, koti langu."

Livio hakunyanyuka.

Nilidhani amekasirika, na moyo ukaniambia: haya, huyu naye anakwenda kununua viatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini alikuwa hamtazami mtu. Alikuwa anatazama ukuta.

Juu ya jiko letu la mawe, kama nyumba zote za kwetu, kuna pembe za mawindo ya Baba, kila jozi kwenye kibao chake, na mwaka umechomwa kwa chuma cha moto. Juu zimepangwa pembe fupi, nyeusi, zilizopinda kama ndoano: mbuzi wa majabali, mwaka baada ya mwaka. Halafu ghafla zinakoma. Kuanzia hapo ni paa tu, paa wa msituni, anayewindwa mtu akiwa amekaa chini ya mti na kahawa yake. Nilizipangusa vumbi pembe zile kila Jumamosi, sikuwahi kuona mahali zilipobadilika.

Macho ya Livio yakatoka ukutani, yakaenda kwenye dirisha lililofungwa upande wa korongo, yakarudi taratibu mpaka kwa Baba. Alimtazama kwa namna anavyotazama mkate kupitia mlango wa tanuri, asije akaufungua mapema ukaanguka.

"Mama, kaa chini," alisema. "Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Mimi ndiye niliyemwomba mzee tupite handakini."

Baba aliinua kichwa.

"Nilimwomba kwa siri," Livio akaendelea, masikio yakiwa mekundu kama kabichi. "Nilimpigia simu. Mimi... mimi naogopa. Yale madaraja. Ule urefu. Nikitazama chini, tumbo linageuka. Niliona aibu kukwambia, na mzee kwa wema wake akaubeba mzigo."

Mama Delfina alimkodolea macho. "Wewe? Wewe unaogopa? Wewe unayevuka Bernina kila Jumapili kumfuata huyu?"

"Nafumba macho."

"Wewe niliyekutoa juu ya mnara wa kanisa ukiwa na miaka saba, umekaa kwenye kengele kama kunguru?"

"Huko ndiko nilikoanza kuogopa."

"Na mbuzi wa majabali?"

"Alianguka mwenyewe, Mama."

Shangazi Barla alikohoa, akajificha nyuma ya kitambaa.

"Na bibi yako?" Sauti ya Mama Delfina ilishuka. Hakukuwa na mzaha tena. "Anayekungoja dirishani? Nimwambie nini?"

Hilo lilimchoma Livio, naye alijua litamchoma kabla hajafungua mdomo.

"Mwambie nampelekea keki," alisema. "Mimi mwenyewe. Kesho yake asubuhi."

Kiti cha Baba kilikwaruza sakafu. Alitoka bila kofia, na baada ya kitambo tukasikia shoka kwenye banda la kuni.

Nilimkuta anapasua magogo yaliyokwisha kupasuliwa.

"Mwongo mkubwa," alisema bila kugeuka.

"Nani, Baba?"

"Huyo mwoka mikate wako. Amekaa mezani kwangu, amekula nyama yangu, amenidanganyia mbele ya dada yangu. Simu gani? Namba yangu hana!"

"Kwa nini adanganye?"

Shoka likakwama kwenye gogo. Akalivuta, likagoma. Akaliacha, akakaa juu ya kigogo cha kupasulia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba baba yangu amezeeka bila kuniaga.

"Septemba ile ya mwaka aliofariki mama yako," alisema, "nilimfuata mbuzi mpaka kwenye ukingo juu ya Tasna. Unaujua. Nimeupita mara nyingi kuliko mlango wa kanisa. Upana wake unatosha viatu viwili. Nikatazama chini. Nikakuona wewe."

"Mimi nilikuwa Scuol, hotelini, nafua mashuka ya watu."

"Najua ulikokuwa! Nilikuona umekaa jikoni, peke yako, umepanga sahani mbili. Nikawaza, nikianguka hapa, huyu atabaki na nani? Nani atamgombeza akichelewa? Miguu ikakataa, Nesa. Ikakataa kabisa. Nilirudi kwa tumbo, kama mjusi, bunduki nikaiacha hukohuko. Tangu siku hiyo hata dirisha letu siwezi. Hata ngazi ya dari, nampa jirani kazi, nasema magoti." Alijifuta pua kwa mkono. "Daraja la Cinuos-chel nililipita mara moja kwa treni. Nililala sakafuni. Nikamwambia kondakta natafuta sarafu yangu ya bahati."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, vyote vikafika mlangoni pamoja vikakwamana. Miaka yote ile nilidhani ukimya wake ni ugumu. Kumbe mtu alikuwa na hofu kwa ajili yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mwanamume wa Ardez anaogopa dirisha la nyumba yake?"

Kivuli kilisimama mlangoni. Livio, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Mzee, nimekuja kubeba kuni."

"Hakuna aliyekuita." Baba alimtazama toka viatuni mpaka kopeni. "Ulijuaje?"

"Ukuta wako, mzee. Na dirisha."

"Utamwambia mama yako?"

"Nimwambie nini? Ninayeogopa ni mimi."

"Na bibi yako anayekungoja?"

Livio aliinama akaokota kipande cha kuni, akakigeuzageuza. "Ataninunia mpaka Krismasi. Itaniuma. Lakini Nesa aliapa kwamba bila wewe haolewi, na wewe usingeweza kusema. Sasa nani aseme? Mimi nimekuja kuoa, mzee. Sikuja kushinda."

Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo, na halikuwa hata limesemwa kwangu. Nilimtazama, naye akanitazama juu ya kichwa cha Baba, na lile banda la kuni, buibui na vumbi lake lote, lingeweza kuwa kanisa.

"Kule majabalini," Baba aliuliza baadaye, kama anaulizia bei ya unga, "wewe kweli huogopi?"

"Naogopa sana. Kila mwaka."

"Unafanyaje?"

"Sipiti peke yangu. Naenda na binamu yangu. Yeye anatangulia, mimi nashika mkoba wake. Pakiwa pabaya sana, nashika mkono."

"Mkono? Wanaume wawili?"

"Mbuzi hawasemi, mzee."

Baba alicheka. Kicheko kidogo, chenye kutu, lakini kilitoka. Halafu akaninyooshea kidole mimi, akamnyooshea Livio, kama anayehesabu kondoo wake jioni.

"Sasa ana mtu," alisema. Hakumwambia yeyote kati yetu. Aliliambia lile shoka. "Nikianguka, ana mtu."

"Hutaanguka, Baba."

"Najua sitaanguka! Ni behewa, lina ukuta." Akanyanyuka, akajikung'uta suruali. "Twendeni kabla Barla hajamalizia keki."

Ndani, Mama Delfina alikuwa amesimama mlangoni na koti lake begani, na Shangazi amemziba njia akiwa na kipande cha keki ya kokwa za jozi kwenye uma.

"Kipande kimoja, dada. Mtu haondoki kwetu na hasira na njaa kwa pamoja. Achague kimoja."

Baba alipita katikati yao. Akalifikia dirisha la korongo. Nilimwona anashika komeo, na niliona vifundo vya vidole vyake vikiwa vyeupe. Akageuza uso pembeni, upande wa jiko, akasukuma. Mbao zikafunguka kwa mlio. Jua likaingia sebuleni, na misonobari ya dhahabu, na sauti ya mto huko chini kabisa.

"Sikilizeni," alisema, mgongo umeelekea dirishani. "Tutapita Bernina."

Mama Delfina alifungua mdomo.

"Huyu kijana anaogopa," Baba akaendelea. "Si vizuri bwana harusi aaibike mbele ya watu siku yake mwenyewe. Lakini pia si vizuri bibi angojee dirishani bure. Kwa hiyo atakaa upande wa mlima, asitazame bondeni, na mtu mzima atakaa naye. Nitakaa mimi. Nitamshika mkono mpaka Poschiavo."

"Lakini huyu hajawahi kuogopa kitu tangu..."

Shangazi aliutumbukiza uma. Keki ikaingia yote, na Mama Delfina, ambaye ni mwanamke wa adabu, hasemi mdomo ukiwa umejaa. Alitafuna akimtazama mwanawe. Akamtazama Baba, aliyekuwa ameshika ukingo wa jiko kama mtu aliye melini. Akatafuna polepole zaidi. Alipomeza, macho yake yalikuwa yamelainika, akalivua koti begani akalitundika tena.

"Kweli," alisema. "Huyu tangu utotoni ni mwoga sana. Mshike vizuri, Baba Nesa. Na mimi nitakaa naye upande wa pili, kwenye kona za Alp Grüm. Hapo huwa anahitaji watu wawili."

"Asante," Baba alisema.

"Na mimi je, bibi harusi?" niliuliza. "Nikae wapi?"

"Wewe kaa dirishani," Livio alisema, "utuhadithie."

Jioni tuliwasindikiza stesheni, na Baba akaja nasi, jambo ambalo halijapata kutokea. Treni ilionekana kwa mbali, taa zake zikichungulia bondeni. Mama Delfina alimsogelea Baba kwa tahadhari, na Baba akainama, akatoa shavu. La kushoto, la kulia, la kushoto tena. Shangazi Barla alihesabu kwa sauti.

Kisha Baba akampa Livio mkono. Treni ikasimama, milango ikafunguka, Mama Delfina akapanda, na Baba hajauachia.

"Baba, mwachie," nikamnong'oneza. "Ataachwa na treni."

"Ngoja kwanza," alisema, akiukaza zaidi ule mkono mnene wenye unga. "Nafanya mazoezi."